Mkurugenzi wa Mawe

Mashine ilivikataa vidole vya Fundi mara ya kwanza, ikavikataa mara ya pili, na ilipovikataa mara ya tatu taa nyekundu ikawaka na foleni yote ya nyuma ikaguna kwa pamoja.

"Afute mkono, aweke tena," alisema afisa wa uhamiaji wa kibandani, kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa uangalifu. Alisema kwa Kiingereza, akimtazama mke badala ya mume, maana alishang'amua mwenye lugha ni nani.

"Anasema ufute, uweke tena," Mwalimu akamwambia mumewe.

"Nimefuta mpaka suruali imechakaa. Mwambie si uchafu. Alama zenyewe ndizo hazipo, zimebaki kwenye kuta za watu."

Mwalimu hakumwambia hivyo. Alimwambia afisa kwamba mume wake ana vidole vikavu, samahani sana. Watu wote walimwita Mwalimu, hata huyu mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja kwa miaka arobaini, na yeye alimwita Fundi kama walivyomwita majirani. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi miaka sita iliyopita. Fundi, mwashi wa mawe, hakuwa amestaafu, kwa sababu alisema mawe hayaandikii mtu barua.

Safari hii ilikuwa zawadi ya watoto wao watatu. Walichanga kimyakimya mwaka mzima, kisha wakawauliza wazazi wao wangependa kwenda kutembea wapi. Mwalimu alisema popote penye kiti cha kukaa. Fundi alisema anataka kuona daraja. Alikuwa amelijua daraja hilo tangu ujana, kutoka kwenye picha ya kalenda iliyotundikwa katika kibanda cha stoo alikojifunzia kazi: daraja la mawe matupu, bila saruji, lenye mamia ya miaka, na maji yakipita chini yake. Watoto walicheka, lakini walikata tiketi.

"Mmekuja kufanya nini?" afisa akauliza.

"Kutalii. Siku tisa."

"Kutalii nini?"

"Daraja."

Afisa akainua macho. "Daraja?"

"Daraja la mawe," Mwalimu akasema, na mara hiyohiyo akajilaumu. Angeweza kutaja maziwa, milima, maduka, chochote ambacho watalii wenye akili hukifuata. Kweli nyingine zikitamkwa mbele ya sare hugeuka uongo.

Kijana akageukia kompyuta yake. Akasoma, akatazama vidole vya Fundi vilivyolala juu ya kioo cha mashine, akasoma tena.

"Hapa imeandikwa mume wako ni mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi."

Mwalimu alijua kwamba neno hilo lilikuwa humo. Alilijua tangu siku alipolisoma kwenye fomu na kutia sahihi chini yake.

"Wakurugenzi ninaowaona hapa," kijana akaendelea, bila ukali, "vidole vyao vina alama."

"Anasemaje?" Fundi akauliza.

"Anauliza kazi yako."

"Mwambie mwashi."

"Yuko kwenye ujenzi," Mwalimu alimwambia afisa.

Fundi hakujua Kiingereza, lakini alijua kuhesabu maneno, na akaona kwamba jibu lake la neno moja limetoka refu mno. Pengine alidhani mkewe amekosa neno la mwashi. Akaamua kumsaidia. Akaondoa mkono kwenye mashine, akainua jiwe lisilokuwepo, akalipindua kutafuta uso wake mzuri, akaliweka juu ya kaunta, kisha akaligonga kwa nyundo isiyokuwepo: ko, ko, ko. Akatabasamu kwa fahari. Mtoto mmoja kwenye foleni akacheka.

Afisa hakucheka. Aliitazama ile nyundo ya hewani, akaitazama skrini, akachukua pasipoti zote mbili, akafunga kidirisha.

"Nifuateni, tafadhali."

Foleni ikaguna tena, safari hii kwa sauti. Bwana mmoja mwenye koti la mvua akahama mstari huku akitikisa kichwa, kana kwamba wawili hawa walikuwa wamemwagia maji.

*

Chumba chenyewe hakikuwa kibaya, na hilo ndilo lililomwogopesha Mwalimu zaidi. Kilikuwa na viti sita vilivyofungwa sakafuni kwa nati, meza moja, saa ya ukutani, na dirisha lisilofunguka. Simu zao zilichukuliwa na kutiwa kwenye bahasha ya plastiki. Wakaombwa kuvua viatu, navyo vikatazamwa ndani. Soksi ya Fundi ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na Mwalimu, aliyezifungasha mwenyewe, aliona aibu ya tundu lile kama ambavyo wengine huona aibu ya wizi.

Kisha begi likaletwa na kufunguliwa mezani. Afisa wa kibandani, akiwa sasa amevaa glavu, alitoa kimoja kimoja. Sidiria mbili mpya za Mwalimu. Dawa za presha za Fundi ndani ya kopo la siagi lililooshwa. Taulo. Suti aliyoivaa Fundi kwenye harusi ya binti yao. Chini kabisa, ndani ya soksi nzito, kulikuwa na kitu kigumu. Kijana akakishika kwa nje, akasita, akarudi nyuma hatua moja.

Mlango ukafunguka, akaingia mama wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Kwa jinsi kijana alivyosimama wima, Mwalimu alijua kwamba huyu ndiye msimamizi.

"Nini hicho?" msimamizi akauliza.

"Ni ..." Mwalimu akaanza.

"Wewe mama, naomba usiseme. Keti pale." Alionyesha kiti cha kona. "Tangu mmefika umekuwa ukimsemea. Nataka kumsikia yeye."

Akaweka simu mezani, akabonyeza namba, akaongeza sauti. Ikaita mara nne. Kisha katika chumba kile cha nati na plastiki ikaingia sauti ya mwanamke, changa kidogo, yenye mafua.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani wenu. Nitatafsiri kila kitakachosemwa chumbani humo, hata mkisemezana wenyewe. Mmenielewa?"

"Marahaba, mwanangu," Fundi akajibu, na mabega yake yakashuka kwa mara ya kwanza tangu kwenye foleni. "Pole na mafua."

"Asante, mzee. Msimamizi anauliza, wewe kazi yako ni nini?"

"Mwashi."

"Kampuni yako inaitwaje?"

"Kampuni gani?"

"Anauliza una wafanyakazi wangapi."

"Niko mimi na mchanganya saruji, akija. Asipokuja niko mimi."

Msimamizi aliandika. Mkono wake ulikwenda taratibu, na Mwalimu, aliyesahihisha madaftari maisha yake yote, alijua mwandiko wa mtu anayehesabu makosa.

Soksi ikafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha chuma, kimechongoka upande mmoja kama karoti, kimefungwa kamba iliyoviringishwa vizuri.

"Hiki ni nini?"

"Timazi."

"Mzee, samahani," mkalimani akasema, "timazi ndiyo ile kamba yenye uzito, ya kupimia ukuta?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu. Ukuta hauna mdomo, huyo ndiye msemaji wake."

Sauti ilitafsiri. Msimamizi akavua miwani ikaning'inia kifuani.

"Hiki ni kifaa cha kazi. Mtalii hatembei na kifaa cha kazi. Nani amekuahidi kazi hapa?"

"Hakuna."

"Basi umekibebea nini?"

"Nikapime daraja. Nione kama bado limenyooka baada ya miaka yote hiyo. Kwani pale foleni si niliona watu na kamera kubwa kubwa? Wote wale wapiga picha?"

Kijana wa glavu akainamisha kichwa kutazama viatu vyake. Msimamizi hakubadilika uso.

"Mzee, anasema hivi," mkalimani akaongeza, akipunguza mwendo kama mtu anayebeba chungu kilichojaa. "Anasema katika mambo haya mawili moja ni uongo. Ama wewe ni mkurugenzi, na hapa unawadanganya. Ama wewe ni mwashi, na fomu yako ya viza imedanganya, na umekuja na vifaa kutafuta vibarua. Kwa lolote kati ya hayo, anaweza kuwarudisha kwa ndege ya leo mchana."

"Mkurugenzi?" Fundi akasema. "Mkurugenzi gani?"

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye fomu, mzee. Kazi: mkurugenzi wa kampuni."

Fundi akageuka taratibu, mwili mzima, kwa sababu shingo yake haikugeuka peke yake tangu alipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi, akamtazama mkewe pale konani.

Mwalimu wa miaka thelathini na minne ubaoni alinyoosha mkono juu kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Naomba kusema," alisema kwa Kiswahili.

Msimamizi akamtazama, akaitikia kwa kichwa.

"Ni mimi. Yeye hajui. Wakala wa viza alituambia kwamba tukiandika mwashi watasema mzee anakwenda kufanya vibarua, watatunyima. Akasema andika mkurugenzi, wanaandika wote. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Mume wangu aliniuliza, hapo kwenye kazi umeandika nini? Nikamjibu, ujenzi. Nikatia sahihi. Yeye alitia sahihi yake kwa kuniamini." Akasikia sauti ya mkalimani ikifuata nyuma yake, hatua kwa hatua, ikibeba kila neno bila kulipunguza wala kulipamba. "Kosa ni langu. Kama ni kurudishwa, nirudishwe mimi. Yeye aende akaone daraja lake."

Fundi akasema, polepole, bila kupandisha sauti:

"Miaka arobaini umekula jasho la mwashi. Watoto umewasomesha kwa jasho la mwashi. Huyu mkurugenzi umemtoa wapi?"

Upande wa pili wa simu kikasikika kijiko kikigonga kikombe.

"Mzee," mkalimani akasema hatimaye, "hilo nitafsiri?"

"Acha, mwanangu."

"Amesema nini?" msimamizi akauliza.

Mkalimani akajibu kwa ufupi. Baadaye Mwalimu alilirudia jibu lile moyoni mara nyingi, maana alilisikia na kulielewa: alisema ni maneno ya mke na mume. Msimamizi akakitazama kidole chake chenye pete, hakuuliza tena. Akakusanya karatasi, akatoka, kijana akamfuata. Simu ikakatwa.

*

Waliachwa humo kwa dakika hamsini. Mwalimu alizihesabu kwenye saa ya ukutani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Nguo zao zilikuwa bado zimetawanyika mezani. Aliinuka, akazikunja. Alipolifikia kopo la dawa alilifungua, akatoa kidonge, akampelekea.

"Saa yako imepita."

Fundi alikipokea, akakimeza bila maji. Asingekataa dawa kwa hasira, hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kama kupanga mawe: moja juu ya jingine, bila haraka, mpaka upande wa pili usionekane.

"Nisamehe," Mwalimu akasema.

Fundi aliutazama ukuta wa mbele yake. Akaufuata kwa jicho kutoka juu hadi chini.

"Ukuta huu umepinda," alisema.

"Fundi, nilitaka uje. Ulilitaja daraja hili tangu sijazaa mtoto wa kwanza. Niliogopa neno moja lisije likakuzuia."

"Ningekuja kama nani?"

Mwalimu alirudi kwenye kiti chake cha kona. Alifikiri juu ya siku zote alizoandika neno mwashi kwenye fomu za shule za watoto, kwa wino mweusi, bila kufikiri mara mbili. Wakati huo lilikuwa neno tu. Ni lini lilianza kumwelemea? Labda siku ile binti yao alipowaalika wakwe, na yeye Mwalimu akamwomba Fundi akae na mikono chini ya meza. Alisema ni kwa sababu ya baridi. Fundi alikaa nayo chini ya meza jioni nzima.

Kijana wa glavu akaingia, bila glavu sasa, na chupa mbili za maji. Akaziweka mezani, akasita.

"Zimetoka kwenye mashine yetu ya ndani," alisema. "Si lazima mlipe."

Mwalimu akasema asante. Alisema mara tatu, akajishtukia. Lakini maji yale yalikuwa ya baridi, na mkono ulioyaleta haukuwa umeagizwa na mtu. Aliyanywa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaweza kuvuta pumzi mpaka chini.

*

Msimamizi aliporudi alikaa kwanza, ndipo akapiga simu. Sauti yenye mafua ikarudi, na Fundi akaisalimu kama ndugu aliyekuwa ametoka nje kidogo.

"Anasema amepiga simu hotelini," mkalimani akatafsiri, "na chumba chenu kipo kwa siku tisa. Amezitazama tiketi zenu za kurudi. Amempigia pia binti yenu."

"Binti yetu amesemaje?" Fundi akauliza kwa wasiwasi.

"Binti amelia, halafu akasema kwamba baba yake amekuwa akiwasumbua na daraja hilo tangu wakiwa wadogo. Sasa msimamizi anasema, mzee, hebu mweleze hilo daraja."

"Nimweleze nini?"

"Lolote. Anataka kujua limekuleta kwa nini."

Fundi akajivuta mbele kwenye kiti. Mikono ikapanda juu ya meza, yote miwili, na safari hii hakuna aliyeiambia ikae wapi.

"Mwambie hivi. Ukijenga ukuta, jiwe linakaa juu ya jiwe. Hilo hata mtoto anajua. Lakini tao ni jambo jingine. Unaanza huku na huku, kingo mbili, na katikati hakuna kitu. Mawe unayachonga kama vipande vya keki, mapana juu, membamba chini. Unayaegemeza juu ya mbao. Kila jiwe unaloweka linataka kuanguka. Lote lile ni kusudio la kuanguka tu! Halafu unaweka jiwe la mwisho, la katikati, hapo juu. Unaligonga mpaka lilie. Kisha unaondoa mbao."

Akaitazama simu. Mkalimani akamfikia.

"Hapo ndipo fundi anapojulikana," Fundi akaendelea. "Ukiondoa mbao, kila jiwe linataka kwenda chini, na kwa kutaka kwenda chini linambana mwenzake, na mwenzake anambana mwenzake. Wote wamekwama. Hakuna saruji. Mimi nimejenga matao matano maishani mwangu, madogo, ya milango. Nilipoondoa mbao za lile la kwanza nilikaa chini yake siku nzima. Aliyenifundisha kazi aliniambia, fundi anayeamini kazi yake hukaa chini yake. Sasa yule aliyejenga daraja lile, sijui jina lake, hakuna anayelijua, alikaa chini yake akiwa na roho gani? Mamia ya miaka watu wanapita juu. Nilitaka tu nikakae hapo chini. Nimwambie, bwana, nimeona."

Mkalimani alitafsiri. Mwalimu alimsikia akikwama kwenye kingo, akikwama kwenye mbao, akirudi nyuma na kutafuta neno bora zaidi, na hakuruka hata moja. Alipofika mwisho, kwenye kuona, sauti yake ilikuwa nzito, na pengine hayakuwa mafua peke yake.

Msimamizi alivaa miwani. Akavua. "Mimi nimezaliwa saa mbili kutoka pale," alisema, "na sijawahi kwenda."

Kisha akawa msimamizi tena. Alisema fomu yenye uongo ni kosa, na kwamba kwa uongo mdogo kuliko huo watu walirudishwa juzi tu. Mwalimu ataandika maelezo kwa mkono wake na kuyatia sahihi, nayo yatabaki kwenye faili, na akiomba viza tena ataulizwa. Kazi ya mume itasahihishwa kwenye rekodi sasa hivi. Watapewa siku tisa, si kumi. Timazi itabaki hapo uwanjani, nao watapewa risiti waichukue siku ya kuondoka. Na mzee asifanye kazi yoyote, ya kulipwa wala ya bure.

"Amenielewa?"

"Nimemwelewa," Fundi akasema. "Mwambie asante. Mwambie ana haki ya kukasirika, hata mimi nimekasirika."

Msimamizi aliposikia tafsiri hiyo, kona ya mdomo wake ilicheza. Akanyoosha mkono kuelekea simu. Mwalimu akaruka kutoka kitini.

"Subiri! Mwanangu, wewe mkalimani, jina lako nani? Tukushukuru kwa ..."

"Haturuhusiwi kusema majina, mama," sauti ikajibu haraka. "Lakini baba yangu naye alikuwa fundi. Wa mabati. Safari njem ..."

Simu ilikatika. Mwalimu alibaki ameinama juu ya meza, akiishukuru plastiki.

*

Palibaki vidole. Kijana wa ndevu aliwarudisha kwenye kibanda kitupu, mbali na foleni, akatoa mkebe mdogo wa krimu kwenye droo yake mwenyewe. Alikishika kidole gumba cha Fundi, akakipaka, akakisugua polepole kwa kitambaa, akakibonyeza kwenye kioo. Nyekundu. Akakipaka tena. Hakuna mtu aliyeishika mikono ya Fundi hivyo, Mwalimu aliwaza, isipokuwa daktari aliyeishona. Yeye mwenyewe mara ya mwisho aliishika lini?

Ilichukua dakika ishirini. Kidole cha mwisho cha kushoto, kile kisichofanya kazi kubwa kwa mwashi, ndicho kilichokubali kwanza, na kwa taabu wakapata vingine vitatu. Kijana akaandika maelezo marefu kuhusu vilivyobaki.

"Nimeandika sababu," alisema. "Kazi ya mawe. Safari nyingine watajua."

Muhuri ukagonga mara mbili. Mwalimu alimpa kijana mkono, na kijana, aliyekuwa bado na krimu kwenye vidole, akaupokea hivyohivyo.

Walipopita na begi lao, ukumbi wa mizigo ulikuwa mtupu. Gari la hoteli lilishaondoka zamani. Wakakaa kwenye benchi kungoja jingine, na Fundi hakusema neno mpaka likafika, wala njiani, wala usiku ule, isipokuwa kumwuliza kama amekula.

*

Siku ya tatu walikwenda darajani. Basi la watalii liliwashusha mahali palipokuwa na kibanda cha tiketi na nyasi zilizokatwa, na hapo mbele, kijivu, bila haraka, daraja lilivuka mto.

Fundi hakupiga picha. Alishuka kwenye ngazi za kando kwa goti lake linalolia, akaingia chini ya tao, akaketi juu ya jiwe. Mwalimu alibaki juu. Hakualikwa, na aliona kwamba hakustahili kujialika. Robo saa, nusu saa. Fundi alipopanda tena, macho yake yalikuwa mekundu, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyeoga.

Kule mwisho wa daraja, nyuma ya kamba, mwashi mmoja wa huko alikuwa akitengeneza ukuta wa pembeni. Mtu mnene wa makamo, aproni imejaa vumbi, tindo mkononi. Fundi akasimama. Mwashi hawezi kuipita kazi ya mwashi, ni kama mpishi kupita harufu. Alitazama pigo la kwanza, la pili. La tatu akafyonza.

"Analigonga jiwe kinyume cha mshipa wake," alinong'ona. "Litapasuka."

Jiwe likapasuka. Yule bwana akatukana kwa lugha yake, akainua kichwa, akawaona wazee wawili wakimtazama. Uso wake haukuwa wa makaribisho.

Mwalimu akasogea mpaka kwenye kamba. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ile aliyokuwa akiita nayo majina uwanjani asubuhi, hata watalii wenye miavuli wakageuka:

"Samahani, bwana. Mume wangu ni mwashi. Mwashi wa mawe. Miaka arobaini na mitano."

Yule bwana hakumtazama Fundi usoni. Alitazama mikono. Kisha akainua kamba.

"Umemwambiaje?" Fundi akauliza.

"Nimemwambia wewe ni mwashi."

"Basi?"

"Basi."

Fundi akamtazama kwa muda. "Hata wale wenye miavuli wamesikia."

"Nilitaka wasikie."

Fundi alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini Mwalimu alikuwa amekingoja siku tatu. Fundi akampa koti lake alishike, kisha, kabla ya kuinama chini ya kamba, akaichukua mikono miwili ya mkewe ndani ya ile yake mikavu, akaikaza, akaiachia.

"Fundi," Mwalimu akamwita, "tumeambiwa usifanye kazi."

"Hii si kazi. Haya ni mazungumzo."

Wale wawili wakachuchumaa juu ya jiwe jipya. Fundi akalipindua, akapitisha kidole juu yake, akaonyesha mshipa unakopita. Mwenyeji akasema jambo refu. Fundi akamjibu kwa Kiswahili, refu vilevile. Tindo ikawekwa, nyundo ikapanda, na jiwe likafunguka kama mkate. Yule bwana akapiga kelele ya furaha, akampiga Fundi begani, vumbi likaruka. Wakaanza kubishana kuhusu jiwe linalofuata, kila mmoja kwa lugha yake, kwa vidole na vichwa.

Mwalimu akatandika koti juu ya ukuta mfupi penye jua, akaketi. Alimkumbuka msimamizi wa miwani, na kijana wa maji na krimu, na binti wa fundi wa mabati mwenye mafua, popote alipo, akamwombea apone. Maji yalipita chini. Hakuna aliyemwita aje kutafsiri.